Jiwe Lililozoea Joto

Daktari Ndekirwa aliizima picha, akaiwasha tena, akangoja. Mkono wa Bi Somoe ulirudi palepale ukutani, mkubwa kuliko mlango, kila mfupa ukionekana.

"Uliniambia mama yako ana baridi yabisi," alisema.

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi," Mwanahija akajibu. "Mwaka wa pili huu anajipaka mafuta ya karafuu na kulala na soksi."

"Baridi yabisi inakula kiungo, dada yangu. Hiki hakijaliwa. Hiki kimeongezewa." Ndekirwa alikuwa Mpare wa Usangi, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache aliyatoa kwa shida. Aliikuza picha kwenye kidole gumba. "Tangu nianze kazi sijaona kitu cha namna hii. Itazame hii mistari."

Mwanahija alikwisha kuitazama. Ilikuwa mistari myembamba, mmoja mweupe, mmoja wa kijivu, mmoja mweupe, imekizunguka kiungo safu juu ya safu kama maganda ya kitunguu. Mtu mwingine angekata kipande, akipeleke maabara, angoje majibu. Yeye hakuwa na haja. Kwa miaka tisa alikuwa akiiona mistari hiyo kwenye vipande vya mawe alivyovichonga pangoni, na ni yeye aliyeifundisha chachu kuipanga hivyo: ivute chokaa, ipumzike, ivute tena.

"Ni ya pangoni," alisema.

"Ndicho nilichoogopa kukuuliza."

Bi Somoe alikuwa nje kwenye benchi, kajifunika kanga mpaka vidoleni, anawauliza wagonjwa wenzake habari za watoto wao.

Asiyeijua Kwemashimo atauliza, chachu gani, na pango gani. Kwemashimo imekaa juu ya mapango ya chokaa tangu na tangu. Zamani palikuwa na watu wachache, minazi na mbuzi. Bahari ilipopanda na kuumeza mji wa chini, waliofurushwa walipanda vilimani na magodoro yao kichwani, wakajenga palipokuwa na nafasi, na nafasi ilikuwepo juu ya mapango. Dari la pango halikuuzoea uzito ule. Kwanza kilizama choo cha mtu, watu wakacheka. Halafu ukadidimia ukuta wa madrasa. Halafu ikaenda nyumba ya mzee Mbaruku, na mzee Mbaruku mwenyewe ndani yake, na hapo hakucheka mtu.

Ndipo Mwanahija, mtoto wa hapohapo, aliporudi kutoka masomoni na chupa ya kitu cheupe mfano wa tui. Watu wakakiita chachu ya mawe. Ni kiumbe kisichoonekana kwa macho. Ukikitia kwenye maji yanayodondoka pangoni, kinaivuta chokaa na kuigandisha. Jiwe ambalo kwa desturi yake hukua unene wa ukucha katika umri wa mtu, chachu ililikuza shubiri kwa mwezi. Nguzo ziliota kutoka chini, zikakutana na zile zilizoning'inia juu, zikalishika dari, na ardhi ikatulia. Watu wakalala usingizi.

Nguzo kubwa kuliko zote waliiita Mkwe, kwa sababu mbele yake hupandishi sauti, huipi mgongo, na huendi mikono mitupu. Ilikuwa ndefu kuliko mnara wa msikiti, na bado ilikuwa inanenepa. Duniani kote hapakuwa na pango lenye nguzo ya kimo kile. Wapimaji wa rekodi walikuwa wameshatoa taarifa kwamba watakuja na mitambo yao ya mwanga kuithibitisha, na kijiji kizima kilikuwa kinapaka chokaa kuta za nyumba kuwangoja.

*

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Mwanahija aliteremka pangoni peke yake na sanduku la vipimo.

Tuiseme wazi hofu yake. Chachu ile haikutakiwa kabisa kuishi ndani ya mtu. Alipoiunda aliitia kufuli, na kufuli lake lilikuwa joto. Pango ni baridi, mwili wa mtu una moto. Chachu ikimezwa ilipaswa ife kabla haijashuka tumboni. Aliijaribu kwa panya, kwa mbuzi, mwisho akasimama mbele ya mkutano wa kijiji akainywa mwenyewe kikombe kizima, wazee wakimtazama kwa makini kama wanamtazama mtu anayekula kiapo. Hakudhurika. Kufuli lilikuwa zima. Sasa nani kalifungua?

Alifika chini ya Mkwe. Taa yake ya kichwani iliishia katikati ya kimo, huko juu palikuwa giza, na maji yalikuwa yanadondoka taratibu kwenye karai la mawe lililojichonga lenyewe miguuni pa nguzo. Kwenye ukingo wa karai kilikaa chetezo cha udongo cha mama yake. Ndani yake mlikuwa na jivu la jana.

Aliweka kiganja kwenye ukingo. Palikuwa na uvuguvugu bado.

Bi Somoe alikuwa mtunza mzimu wa pango, kama mama yake na bibi yake. Chachu ilipoletwa wazee walikuwa wamegawanyika, na yeye ndiye aliyewapatanisha. Alisema jiwe na liote, lakini tambiko lisikatizwe. Basi kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri aliingia na chetezo chake, akatia udi na ubani, akaomba, akakiweka ukingoni mwa karai mahali pasipo upepo. Na makaa ya tambiko hayazimwi. Ukiyamwagia maji umemfukuza mgeni uliyemwita mwenyewe, unayaacha yajifie. Yalijifia usiku kucha, ukingo wa karai ukikolea moto na maji yakifukuta. Asubuhi watu walikuja kuyachota yale maji, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wajawazito, na kwa mtoto mchanga anapotimiza arobaini, adondoshewe ulimini.

Mwanahija alikuwa akijua yote hayo. Alikiona chetezo kile kila wiki kwa miaka tisa na hakikumwambia kitu, maana alikuwa amekizoea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Alichota maji kwenye kichupa, akakitia kwapani, ndani ya blauzi, akakaa juu ya jiwe. Huna haja ya mtambo kupata joto la mtu ukiwa wewe ni mtu. Alikaa mpaka muda uliotosha kuiua chachu ulipopita, kisha ukapita mara ya pili. Akadondosha tone kwenye kioo cha hadubini yake ya mkononi, akainama.

Ilikuwa hai. Ilikuwa na uhai kuliko ile ya kwenye baridi, inajipanga pembeni mwa tone, inatafuta chokaa.

Mambo yalijipanga kichwani mwake bila kuyataka. Ijumaa ya kwanza joto liliiua chachu nyingi ya karaini, ikabaki ile ngumu kidogo, na ile ngumu ndiyo iliyozaa. Ijumaa ya pili ikafa tena, ikabaki iliyokuwa ngumu zaidi. Kila wiki, bila kukosa, kwa uaminifu wa mtu anayemcha Mungu wake na kuwaheshimu wazee wake, Bi Somoe aliifundisha chachu kuvumilia moto. Angekuwa mvivu, au mwenye imani haba, lisingetokea lolote.

Mwanahija alilia pale chini ya Mkwe. Hakukililia kijiji, hilo lilikuja baadaye. Alimlilia mama yake, na namna alivyokuwa akipuliza yale makaa.

*

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Somoe alisema.

Alikuwa amekaa kitandani kwake, mgongo ukutani. Mwanahija alikaa chini kwenye mkeka, kwa kuwa hakuweza kuyasema yale akiwa amekaa juu sawa na mama yake.

"Si wewe, mama. Kitu nimekitengeneza mimi."

"Sikukuuliza nani kakitengeneza. Nimekuuliza moto ulikuwa wa nani."

Mwanahija alitazama mkeka. "Wako, mama."

Bi Somoe alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa meno, mwenye sauti ambayo ilipoongoza dua hata watoto waliacha kujikuna. Aliuchomoa mkono wa kulia chini ya kanga, akauweka mapajani autazame. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimegandana, na ngozi juu yake imevutika, nyeupe.

"Nikajua tu haya si mambo ya uzee," alisema. "Juzi nilikigonga kikombe kwa kidole hiki, kikombe kikapasuka. Kidole hakikuuma." Halafu akauliza, "Nani mwingine anacho?"

"Hatujui. Daktari anataka kuwapima watu wote. Lakini mtoto wa Chiku, yule wa miezi minne, utosi wake umeshafunga, mama. Chiku amefurahi, anasema mwanangu kakomaa mapema. Hajui kwamba bongo la mtoto bado linakua, na sasa halina pa kwenda."

"Mtoto huyo nilimdondoshea mimi."

"Najua."

"Dawa ipo?"

"Ipo ya kuizuia isiendelee, hospitali ya mkoa. Watoto wakiwahi wanaweza kupasuliwa fuvu lipewe nafasi. Lakini kilichokwisha kuwa jiwe kitabaki jiwe." Akaona aseme yote. "Na hapa haiwezekani kupona mtu kama maji ndiyo haya. Chachu imeshaingia kwenye chemchemi, na chemchemi inashuka mtoni, na mto unanywesha nusu ya mkoa. Inabidi nguzo zote tuzimwagie mrututu, ile chumvi ya buluu ya kuulia kuvu. Ndio pekee unaoiua."

"Ukiiua chachu, Mkwe atasimama?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwanahija alikuwa analikimbia tangu asubuhi. "Hatasimama. Nje ni jiwe, ndani bado ni uji, na uji umeshikwa na chachu hai. Ikifa, ndani patakauka pawe vumbi. Mwezi, miezi miwili, dari litashuka. Lazima watu wote wahame kwanza."

Bi Somoe aliurudisha mkono chini ya kanga. Nje jirani alikuwa anapaka ukuta wake chokaa, brashi inasikika.

"Waambie," alisema mwishowe. "Waambie maji yameharibika, waambie habari za mrututu, waambie utakayowaambia. Lakini mimi usinitaje. Mkono wangu usiutaje, wala moto wangu. Baba yako kaniacha mjane nina miaka ishirini na minane, na hakuna mtu katika kijiji hiki aliyepata kuniona bila mtandio. Nimeishi na sitara yangu. Nataka nife nayo. Niahidi, mwanangu."

Kuna ahadi ambazo mtu mwenye akili angeomba kwanza muda wa kufikiri. Lakini mama ni mama. Mwanahija aliahidi.

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, alasiri, watu wamekaa kwenye kivuli cha madarasa. Mwenyekiti Sufiani alifungua kwa dua na kwa taarifa kwamba wapimaji wa rekodi wameshafika mkoani. Watu wakapiga makofi. Mwanahija alisubiri makofi yaishe, na hayo yalikuwa makofi ya mwisho aliyopigiwa Mkwe.

Alieleza yote kasoro alichokatazwa. Alieleza kwamba chachu imezoea joto, imo majini, na inaota kwenye viungo vya watu. Kwamba pango lifungwe leo hii, kijiji kihame, halafu nguzo ziuawe.

Sufiani, ambaye alikuwa binamu yake na mtu mpole, akasimama.

"Daktari Mwanahija. Dada yangu. Watu hawa unaowaona wamekimbia mara moja. Waliacha nyumba za mawe kule chini, samaki wanaogelea sebuleni kwao sasa. Tukawapokea. Wewe ukasema hapa hapatazama tena, ukanywa na maji tukakuona. Leo unasema wakimbie mara ya pili. Wakimbilie wapi? Ardhi iko wapi?"

"Serikali itabidi itafute."

Hapo walicheka, si kwa furaha.

"Na anayeumwa ni nani?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma. "Mimi nayanywa kila siku, na kesho napanda mnazi."

"Inachukua muda, babu. Inaanza kama baridi yabisi."

"Kila mwenye umri wangu ana baridi yabisi."

Ndipo aliposimama Chiku. Alikuwa muuza maandazi wa hapo sokoni, mwanamke mdogo mdogo, mwanawe mgongoni, kofia nyekundu ya uzi imemfunika mpaka nyusi. Hakuuliza kwa ubishi, na hilo ndilo lililomwumiza Mwanahija zaidi. "Dada, mimi nataka kukuamini. Wewe ni msomi wetu. Lakini nitajie mtu mmoja. Mmoja tu, aliyeota hilo jiwe, nikamwone kwa macho yangu, na mimi nitafunga virago leo. Usiponitajia, narudi kuchota, maana mtoto wangu huyu ameponea kwenye maji yale."

Mwanahija aliitazama kofia nyekundu. Chini yake palikuwa na fuvu limefunga kila mlango, na mtoto alikuwa anakunja uso bila kulia. Sitara ya mtu mmoja upande huu, kichwa cha mtoto upande ule. Ukiambiwa habari hii umekaa barazani na kahawa yako utaona jibu liko wazi. Yeye lilimtoka kama jino linavyotoka.

"Mama yangu," alisema.

Watu wa nyuma waliinuka wamwone.

"Mama yangu ana jiwe mkononi, na nadhani magotini. Ni ule moto wa chetezo kila Ijumaa uliolizoesha jiwe joto. Hakujua. Hakuna aliyejua, wala mimi."

"Bi Somoe?" Sufiani alisema. "Bi Somoe nimemwamkia juzi Ijumaa."

"Alikupa mkono?"

Sufiani alifungua mdomo, akakumbuka kitu, akaufunga. "Alikuwa amejitanda kanga," alisema taratibu. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mwenyekiti ni mtu wa watu. "Watu wazima hawapeani mikono ovyo. Hilo si neno."

Sauti ya mwanamme ilitoka katikati ya umati, na mpaka leo haijajulikana ilikuwa ya nani. "Mtu anayeweza kumtangaza mama yake uwanjani atashindwa kutuuza sisi? Wanaitaka nguzo. Tuhame sisi, wao waje wauze tiketi."

Na hilo, kwa kuwa lilikuwa rahisi kuamini kuliko lile lingine, likaaminika. Mkutano ulivunjika bila dua ya kufungia. Chiku alisimama kidogo, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza sarafu, kisha akachukua ndoo yake na kufuata wenzake njia ya pangoni.

*

Habari zilimfikia Bi Somoe kabla ya Mwanahija. Binti yake alimkuta amekaa vilevile, mgongo ukutani, mtandio umefungwa mpaka kidevuni.

"Umenivua nguo uwanjani," alisema.

"Mama, yule mtoto..."

"Umenivua nguo, na hata huyo mtoto hukumpata."

Baada ya hapo hakumsemesha tena. Mwanahija alimpikia, alimsaidia kutawadha, alimpaka mafuta. Alipouliza neno, Bi Somoe alilijibu kwa kumwambia jirani aliyekuwepo, au kuta kama jirani hakuwepo. Daktari Ndekirwa alimletea ile dawa ya kuzuia, Bi Somoe akakataa kuipokea mkononi mwa binti yake, akaipokea kwa daktari, akaiweka chini ya mto. Mwanahija aliikuta huko nzima.

Wapimaji wa rekodi walizuiwa njiani, wakarudi makwao. Serikali ilizungushia pango uzio na kubandika ilani. Uzio ulikatwa usiku uleule, na bomba la pampu likatolewa kutoka karaini mpaka njia panda, ili wazee wasipate tabu ya kuteremka. Lori za kuhamisha watu zilikuja, zikakaa, madereva wakacheza bao, zikaondoka tupu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwemashimo walikuwa wanaficha kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa anajua jirani yake siku hizi anasujudu akiwa amekaa kwenye kiti. Hakusema mtu.

Magoti ya Bi Somoe yaligoma wakati mpunga wa msimu unaanza kukatwa. Kwanza hakuweza kuyanyoosha, baadaye hakuweza kuyasogeza. Alibaki katika mkao wa kukaa, magoti yameinuka na kutengana kidogo, mkono wa kulia umetangulia mbele ukiwa na kidole kilichonyooka. Siku Ndekirwa alipomsikiliza kifua alitoka nje, akamwita Mwanahija uani.

"Imefika kwenye mbavu," alisema. "Akibaki hapa atakosa pumzi, na ataikosa polepole. Aende mkoani kesho. Gari haliwezi kufika mlangoni, njia ni nyembamba. Atabebwa mpaka barabarani."

Walikuja asubuhi binamu wanne, Sufiani mmojawapo, na kitanda cha kamba. Walimwinua na godoro lake. Alikuwa mzito kuliko walivyotarajia, na wanaume wale wakatazamana. Walipofika mlangoni hakupita. Walimgeuza ubavu, magoti yakagonga mwimo. Walimrudisha, wakamgeuza upande wa pili, ule mkono ukazuia. Mtu mwingine ungemwambia ajikunje. Mwisho Sufiani alimwita fundi, na fundi akaja na mtaimbo, akaung'oa mlango pamoja na fremu yake, na sehemu ya ukuta uliokuwa umepakwa chokaa mpya. Bi Somoe alingoja chumbani bila kusema neno, vumbi likimwangukia kwenye mtandio.

Mwanahija alimfunika shuka nyeupe mbili, moja kifuani, moja miguuni, akazikunja pembe vizuri pasionekane kitu. Hicho angalau alikiweza. Wakatoka.

Njia ya barabarani inapita njia panda, pale lilipo bomba. Palikuwa na foleni, wanawake kwa wanaume na madumu yao. Walipoona kitanda waliacha maneno, wakasogea ukutani kwa heshima, wengine wakainamisha vichwa kama jeneza linapita. Chiku alikuwa wa pili kutoka mbele, ndoo imeshajaa, kofia nyekundu mgongoni.

"Nitueni," Bi Somoe alisema chini ya shuka.

Walimtua.

"Nifunueni mkono."

Wale binamu hawakuthubutu. Walimtazama Sufiani, na Sufiani akatazama chini. Ilibidi Mwanahija apige magoti, aikunjue ile pembe aliyoikunja mwenyewe. Mkono ulitokea juani, mweupe, umesonga mafundo mafundo toka kucha mpaka kiwikoni, na mistari yake yote ikionekana, ile ile ya Mkwe, ambayo hakuna mtu wa Kwemashimo asiyeijua.

"Chiku," Bi Somoe aliita. "Njoo ushike."

Chiku alikuja. Alinyoosha vidole, akakigusa kile kidole, na bangili yake ikagonga pale, ikatoa mlio. Aliushusha mkono wake taratibu. Akamzungusha mwanawe kutoka mgongoni mpaka kifuani, akamvua kofia, akapapasa utosi, akapapasa tena. Hakupiga kelele. Aliinua mguu, akaisukuma ndoo, na maji yakaenda zake kwenye vumbi.

Wa nyuma walikuwa wanachungulia, hawajasogea. Madumu bado yalikuwa mikononi mwao.

"Mwanahija," Bi Somoe alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya mkutano. "Abee, mama."

"Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Hawa walioko nyuma hawaoni. Nifunue na miguu."

"Mama..."

"Nifunue na miguu, nimekwambia. Uliianza kazi, imalize."

Mwanahija alishika shuka ya miguuni kwa mikono miwili. Ilikuwa miguu ambayo hata yeye, mwanawe wa pekee, alianza kuiona mwaka huu alipokuja kuiosha. Akaivuta shuka, akaivuta yote, mpaka mapajani, juani, katikati ya njia. Wanaume wote wakageuza nyuso zao ukutani. Na Bi Somoe, kwa sauti ileile ya kuongoza dua, akawaambia wageuke watazame.